Shangazi, kila Jumatano mita inakula paundi 5 na nyumba bado ni barafu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa usiku. Nimejifunika blanketi mbili, na mwanangu wa miaka 3 amelala kifuani kwangu kwa sababu kitandani kwake hakulaliki. Mimi ni mzaliwa wa Njombe, kwa hiyo usinifikirie ni wale wanaolia baridi kwa kuwa wametoka Dar. Baridi ya mwezi wa saba naijua, ile ya kuamka ukakuta majani ya viazi yameungua kwa sakitu. Lakini hii ya Leicester imenishinda, na kinachonishinda hasa ni gharama yake.

Nilikuja Uingereza mwaka 2023 kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee. Mume wangu na watoto wawili wakanifuata. Yeye anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Mwezi wa tano mwaka jana tulihamia nyumba hii ya matofali, ya zamani, zile zilizobanana mtaa mzima. Mwenye nyumba ni mtu wa kwetu Afrika Mashariki. Alitukabidhi ufunguo wa mlango, kiufunguo cha plastiki cha umeme na kadi ya gesi, akasema, "Unapeleka dukani wanakuwekea hela, kama LUKU tu." Maelezo yakaishia hapo.

Kipindi cha joto hatukuona shida. Tunapikia umeme, bomba la kuogea ni la umeme, kwa hiyo kadi ya gesi ilikaa kwenye droo. Novemba baridi ilipoanza niliweka gesi ya paundi 20. Nilipochomeka kadi, mita ikaonyesha paundi 6 na peni kadhaa. Nikadhani mashine imekosea, nikaongeza 10, zikaingia 3. Mume wangu akasema gesi ya nyumba hii ni wizi mtupu, akazima boila, ule mtambo wa gesi unaopasha nyumba, na kununua hita ya feni, ile ndogo ya kuweka sakafuni. Sasa umeme nao unakimbia. Nimeanza kuandika kwenye daftari: kila Jumatano paundi 5 zinaondoka zenyewe, hata juma lile tulilolala kwa rafiki Coventry tukiwa tumezima kila kitu.

Tumefika mahali pa kugombana. Akirudi asubuhi anaanza na mita kabla hajanisalimia. Nikiwasha hita mtoto akikohoa, ananiambia tuvae makoti. Nangoja aende kazini ndipo niwashe, kisha naizima mapema ili chumba kipoe asijue. Mwezi uliopita mama alipiga simu anataka hela ya mbolea, nikatuma paundi 80. Juma hilo umeme ulikatika tukakaa gizani hadi siku ya pili jioni. Mama sijamwambia. Nyuma ya kabati la watoto ukuta umeota ukungu mweusi.

Wiki mbili hizi mume wangu amekuwa akiwasha mkaa wa kuchomea nyama kwenye ndoo ya bati. Anauwashia uani, moshi ukiisha anauingiza sebuleni, tunaota moto kama nyumbani. Hilo angalau limetusaidia. Jumapili mkubwa alitapika na mimi kichwa kiliniuma sana, lakini tulipotoka kwenda kanisani kikapoa njiani, nadhani ni uchovu.

Rafiki ameniambia kuna msaada wa paundi 150 kwa ajili ya umeme. Naogopa kuomba, maana viza yangu inakataza fedha za umma. Nisije nikaiponza familia kwa ajili ya hita. Nifanye nini, Shangazi?

Mama wa Wawili, Leicester

* * *

Marahaba mwanangu,

Mita nitaifikia, na nina mengi ya kusema juu yake. Kwanza ndoo. Itoe nje sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, na isirudi ndani tena hata kama theluji itafika magotini.

Umeliandika jambo hili kama la kupita, na mimi nimelisoma mara tatu mwili ukinisisimka. Mtoto katapika, wewe kichwa kinauma, asubuhi moja, nyumba moja. Mkatoka nje, kichwa kikapoa. Uchovu hauishi kwa kutembea hadi kituo cha basi. Hivyo ndivyo kaboni monoksidi inavyojitambulisha. Haina harufu wala rangi, haiwashi macho, na ikiingia kwenye damu huishika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Mtu husinzia, akalala, na aliye karibu naye naye akalala.

Najua mume wako anasubiri moshi uishe kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa sote. Hapo ndipo pana mtego. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata chembe, bado unatoa hewa hiyo kwa wingi. Moshi ungekufukuza chumbani, lakini makaa mekundu yanakubembeleza ubaki. Huko kwetu nyanda za juu, msimu wa kipupwe hatukosi kusikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke, na zile ni nyumba ambazo mara nyingi upepo hupita kati ya ukuta na bati. Nyumba yako ya Leicester ina madirisha yaliyofungwa kwa mipira ili hewa isipite. Huna hata ule upenyo.

Piga simu 111, namba ya ushauri wa afya, leo uwaeleze ya Jumapili, na uwatajie mkaa kwa jina. Mkijisikia hivyo tena, au mtoto akiwa mzito kuamka, tokeni nje wote kisha piga 999, namba ya dharura. Ukihisi ni boila au gesi, namba ya dharura ya gesi ni 0800 111 999, na simu haitozwi. Na usiogope gharama ya hospitali. Kwa viza yako mnatibiwa NHS, huduma ya afya ya serikali, kama wenyeji, na dawa za watoto hapo England hazilipiwi. Mpeleke na huyo mdogo kwa daktari kwa kikohozi chake, ukimweleza kwamba chumba anacholala kina ukungu.

Tena nunua kengele ya kaboni monoksidi, kama paundi 15 hadi 20 kwenye duka la vifaa vya nyumbani. Chumba chenye boila mwenye nyumba anatakiwa kisheria aiweke yeye, tangu Oktoba 2022. Lakini usimngoje.

Sasa mita.

Daftari lako limefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Paundi 5, siku ile ile ya juma, hata nyumba ikiwa tupu: hayo si matumizi, ni deni linalolipwa kwa awamu. Na kwa kuwa ufunguo mliurithi kutoka kwenye droo ya mwenye nyumba, nakaribia kuapa kwamba deni hilo si lenu. Mita za kulipia kabla hubeba madeni. Mpangaji aliyekutangulia aliondoka akidaiwa, ufunguo wake ukabaki, na kila ukiuchomeka unaendelea kumlipia. Kampuni ya umeme haijui kuwa upo. Kwa kumbukumbu zao, yule bwana au bibi bado anaishi hapo.

Mimi yalinikuta hayo mwaka wangu wa kwanza nchini huku. Nililipa deni la mtu nisiyemjua miezi minne, nikijilaumu kwamba ninachemsha chai nyingi mno. Siku niliyokwenda kuuliza, mama mmoja wa kujitolea aliniuliza swali moja tu: "Jina lako liko kwenye mita?" Sikujua kwamba mita ina jina.

Gesi yako ina jambo la pili, na hili nitakuambia ukweli, ni la kwenu. Mita ya gesi hutoza ada ya kila siku, kwenye bili imeandikwa standing charge, hata usipowasha kiberiti. Mwaka 2025 ilikuwa kama peni 30 hadi 35 kwa siku. Kadi ilipolala kwenye droo kuanzia Mei mpaka Oktoba, mita ilikuwa ikihesabu. Miezi sita ni zaidi ya paundi 50. Kila ulipoweka hela, mita ilikata sehemu kubwa kulipia hizo. Ndiyo maana paundi 20 zikawa 6. Kwa hiyo hakuna aliyeiba hapo, ila hakuna pia aliyekueleza, na mtu aliyekukabidhi kadi alipaswa kukueleza. Kuanzia kiangazi kijacho weka kama paundi 10 kila mwezi hata kama boila imezimwa, ukija msimu wa baridi usikute mlima.

Ukitaka kujionea, mita nyingi za ufunguo zina kitufe cha bluu. Kibonyeze taratibu, kurasa zinapita moja moja: salio, saa, bei ya uniti, na kwingine utaona kiasi cha deni na kinachokatwa kwa juma. Piga picha kila ukurasa. Piga na namba za mita zote mbili.

Jumatatu asubuhi nenda Citizens Advice, shirika la kuwashauri watu, na picha hizo pamoja na mkataba wa pango wenye tarehe mliyoingia. Hawalipishi. Watakusaidia kujua kampuni inayohusika na anwani yako, maana ya umeme na ya gesi zinaweza kuwa mbili tofauti, na mkae nao mkipiga simu kama Kiingereza cha simu kinakusumbua. Mambo ya kudai ni haya: muandikishwe kama wapangaji wapya tangu Mei, mpewe ufunguo na kadi mpya, deni la aliyetangulia lifutwe kwenye mita, na mlichokwisha kumlipia mrudishiwe. Daftari lako ndilo ushahidi, lisitupwe. Kwa lile deni la gesi ambalo ni lenu, waambie ukweli wa mapato yenu na uombe makato madogo. Wanatakiwa kupanga kwa kadiri ya uwezo wako, kwa hiyo ukitajiwa kiasi usichokiweza, kataa kwa adabu utaje unachokiweza.

Katika simu hiyo hiyo omba kuandikishwa kwenye Priority Services Register, orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi zaidi. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5 inastahili, na ni bure. Kisha, salio likikaribia kuisha, usingoje giza. Kuna salio la dharura ndani ya mita, na zaidi ya hilo, kanuni za Ofgem, wasimamizi wa kampuni za umeme na gesi, zinaitaka kampuni impe mteja aliye katika hali ngumu salio la ziada la kumvusha. Utalirudisha baadaye, lakini kidogo kidogo. Juma lile mlilokaa gizani, simu moja ingeweza kuwawashia taa.

Na hita ya feni? Ninaelewa kwa nini mume wako aliinunua, mtu akidhani gesi inaibiwa atakimbilia umeme. Ila hesabu yake ni mbaya. Hita kama hiyo kwa kawaida hula kilowati 2, yaani uniti 2 kwa saa. Msimu wa baridi wa 2025 hadi 2026 umeme ulikuwa karibu peni 27 kwa uniti, gesi karibu peni 6. Kwa bei hizo, mkiiwasha hita kwa muda wa saa 5, jioni moja tu ni paundi 2.70. Joto hilo hilo likitoka kwenye boila ya gesi iliyo nzima ni kama peni 70. Kwa mwezi, upande mmoja ni paundi 81, upande mwingine kama 21. Mwandikie kwenye daftari lile lile, uliweke mbele yake akiwa ameshakula na kulala, usimshike mlangoni saa moja asubuhi na ubaridi wa ghala mwilini.

Mwambie pia kwamba ulikuwa ukiwasha kwa siri. Atakasirika, sawa. Lakini naye anaangalia mita kabla ya mkewe kwa sababu anaogopa, mwanangu, na mwanaume wa kwetu akiogopa mara nyingi husikika kama anagomba. Nyote wawili mmekuwa mkipigana na deni la mtu mwingine mkidhani mnapigana ninyi kwa ninyi. Kaeni mfanye uamuzi mmoja: kiasi gani cha juma ni cha joto, kisiguswe, kama kodi ya nyumba isivyoguswa.

Boila kabla ya kuirudisha kazini iangaliwe. Kila mwaka mwenye nyumba anatakiwa amlete fundi aliyeandikishwa Gas Safe, orodha ya mafundi wa gesi wanaoruhusiwa, na akupe nakala ya cheti. Muulize cha mwaka huu kiko wapi. Ikishapita, isiwake mchana kutwa: asubuhi kabla ya shule, na jioni mpaka watoto walale. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isishuke chini ya digrii 18 wakati wa baridi, na penye mtoto mdogo panahitaji joto zaidi kidogo. Kama boila yenu ni ile inayopasha maji papo kwa papo, isiyo na tangi, muombe fundi ashushe joto la maji yanayokwenda kwenye redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba, hadi digrii 60. Redieta zitachukua muda zaidi kupata moto lakini gesi inapungua. Chumba msichokitumia, geuza kile kirungu cha redieta hadi namba ya chini, ufunge mlango. Kunja kanga kuukuu uilaze chini ya mlango wa mbele, utashangaa upepo uliokuwa ukipita hapo. Kwa ninyi wakubwa, blanketi la umeme la wati 100 hula kama peni 3 kwa saa. Huyo wa miaka 3 usimlaze juu yake.

Ukungu wa nyuma ya kabati unalishwa na maji ya hewani, na mengi mnayaleta wenyewe kwa kuanika nguo ndani. Anika chumba kimoja, dirisha wazi kidogo, mlango umefungwa. Sogeza kabati litengane na ukuta. Asubuhi futa maji ya vioo kwa kitambaa ukikamue nje. Lakini usikubali kuambiwa kosa lote ni lenu. Ukuta wa zamani usio na kinga ya baridi utaota ukungu hata ukifuta kila saa. Mwandikie mwenye nyumba, kwa ujumbe wenye tarehe na picha, maneno ya heshima. Asipojibu, halmashauri ya jiji ina maofisa wa afya ya mazingira. Wanakuja kukagua, kwa sababu baridi kali na unyevu vimo kwenye orodha ya hatari za nyumba chini ya sheria ya mwaka 2004. Kuwa mtu wa kwetu hakumpunguzii wajibu. Kwangu mimi kunamwongezea.

Ile hofu ya viza nimeiacha mwisho ingawa najua ndiyo inayokunyima usingizi. Maneno yaliyo kwenye karatasi zako, no recourse to public funds, yana orodha yake: Universal Credit, yaani posho ya wenye kipato kidogo, posho ya watoto, posho ya nyumba na za namna hiyo. Usiziombe. Ule msaada wa paundi 150, Warm Home Discount, hupewa wanaopokea posho za namna hiyo, kwa hiyo kwa sasa si wako, na rafiki yako hakukosea, ila viza zenu huenda hazifanani. Lakini msaada wa kampuni ya umeme kwa mteja wake si fedha za umma. Priority Services Register si fedha za umma. Vocha za Fuel Bank Foundation, ambazo hutolewa kupitia mashirika kama benki za chakula kwa wenye mita za kulipia kabla, si fedha za umma. Hizo omba bila kuinamisha kichwa. Halmashauri nayo huwa na mfuko wa dharura. Huo usiuguse kabla mshauri hajasoma karatasi zako. Muulize hapo hapo Citizens Advice siku ya mita.

Mama umpigie. Usimwambie habari ya giza kwa kumtisha, mwambie bei. Mwambie, "Mama, huku joto tunalinunua kama mnavyonunua mbolea, na Desemba hadi Machi ndiyo msimu wetu wa kununua." Mama wa Njombe anajua msimu ni nini. Mkubaliane kwamba hela ya shamba utaituma Septemba, kabla boila haijawashwa.

Ukishapata ufunguo mpya, ngoja Jumatano ya kwanza. Andika salio Jumanne usiku, na uandike tena Jumatano kabla hujaenda kazini. Niletee namba hizo mbili.

Shangazi